Vita Moja, Vitabu Vingi

Mwaka 1909 Gustav Adolf von Götzen, aliyekuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, alichapisha kitabu kuhusu maasi yaliyoutikisa utawala wake. Miaka 60 baadaye, mwaka 1969, Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia ya Kinjeketile. Vitabu vyote viwili vinazungumzia Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Kimoja kimeandikwa na mtu aliyetoa amri, kingine na msanii aliyezaliwa miongo kadhaa baada ya bunduki kunyamaza. Msomaji anayetaka kuelewa ukoloni ulifanya nini kusini mwa Tanzania hana budi kuvijua vyote, na vingine vilivyo kati yake.

Vita vilianza na pamba. Utawala wa Kijerumani uliwalazimisha wanakijiji kulima mashamba ya pamoja kwa siku 28 kwa mwaka, na malipo yalikuwa duni mno. Mnamo Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, wanakijiji waling'oa miche ya pamba. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yao ya kutangaza vita.

Mambo haya yangeweza kubaki katika ripoti za maofisa peke yake. Yalinusurika kwa sababu mwishoni mwa miaka ya 1960 wanahistoria wa Dar es Salaam, akiwamo Gilbert Gwassa na mwenzake John Iliffe, waliwatafuta wazee waliokuwa hai wakati wa vita na kuandika masimulizi yao. Wanafunzi wa chuo nao walitumwa vijijini kukusanya habari kama hizo. Kutokana na kazi hiyo tunajua jinsi watu walivyomiminika Ngarambe, karibu na mto Rufiji, kumwona mganga Kinjikitile Ngwale na kupokea maji ambayo waliamini yangezigeuza risasi za adui kuwa maji. Tunajua habari zilivyosambaa kwa kunong'onezana, kijiji hadi kijiji. Tunajua pia kwamba Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza.

Hapo ndipo riwaya na tamthilia zinapofanya kazi ambayo nyaraka haziwezi. Hakuna faili linaloeleza mtu huyo aliwaza nini usiku kabla ya kunyongwa. Hussein alibadilisha kidogo jina la shujaa wake, naye alieleza waziwazi kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia bali ni kiumbe wa ubunifu. Katika tamthilia, mganga anatambua kwa uchungu kwamba sehemu ya ujumbe aliopewa na mzimu inawaahidi watu wake kutoka chini ya bwana mmoja na kuingia chini ya bwana mwingine. Anaanza kuyatilia shaka maji yake mwenyewe, lakini imani ya watu imekwisha kumpita na haizuiliki tena. Wajerumani wanapomshika na kumtaka akiri kuwa maji ni uongo, anakataa, kwa kuhofia kwamba vizazi vijavyo vitafundishwa kuwa kupigania haki lilikuwa kosa.

Tamthilia hiyo imesomwa shuleni kwa miaka mingi, na si ajabu kumkuta mwanafunzi anayejua mashaka ya Kinjeketile wa jukwaani lakini hajui chochote kuhusu siku 28 za pamba. Hasara ipo pia upande wa pili. Anayesoma historia tupu hujua idadi ya waliokufa, akakosa kuhisi kwamba kila mmoja wao alikuwa na hofu, mke au mume, na shamba lililokuwa likimsubiri.

Idadi yenyewe inatisha. Makadirio huanzia watu 75,000 na hufika 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa, si risasi. Majeshi ya Kijerumani yalichoma vijiji, maghala na mazao shambani hadi watu wakakosa mbegu ya kupanda. Songea, tarehe 27 Februari 1906, viongozi na wapiganaji wa Kingoni zaidi ya 60 walinyongwa, akiwamo mwanamke mmoja, Mkomanile. Siku chache baadaye aliuawa Nduna Songea Mbano, ambaye mji huo unaitwa kwa jina lake. Mkomanile anastahili riwaya yake, na mwandishi atakayeiandika atakuwa ametenda jambo kubwa.

Yapo pia maandishi ya Waswahili walioziona enzi hizo kwa macho yao. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi kuhusu Wadachi, yaani Wajerumani, walivyoitamalaki pwani ya Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akatunga wake kuhusu Maji Maji. Watunzi hawa hawakuandika kama wanaharakati wa leo. Walivitazama vita kwa jicho la watu wa pwani, na mtazamo wao kuhusu watu wa bara unaweza kumkera msomaji wa sasa. Ni vyema umkere, kwa sababu unamwonyesha kwamba waliotawaliwa hawakuwa na sauti moja.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, ameichimba hali hiyo kwa kina. Riwaya yake iliyotoka mwaka 1994, ambayo leo inasomwa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, inamhusu Yusuf, mtoto aliyetolewa na baba yake kufidia deni. Hakuna anayeonekana malaika humo, wala mfanyabiashara wa pwani wala Mjerumani. Katika Afterlives ya mwaka 2020, Ilyas anajiunga kwa hiari na jeshi la Wajerumani, na maisha yake yanaishia katika kambi ya Sachsenhausen. Msiba kama huo ulimpata kweli Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyefia katika kambi hiyo mwaka 1944.

Vitabu vya aina hii huweza kubadilisha mambo nje ya kurasa zake. Mwaka 2005 mwanahistoria Caroline Elkins alichapisha utafiti wake kuhusu kambi za Waingereza nchini Kenya wakati wa vita vya Mau Mau. Ushahidi huo, pamoja na nyaraka za serikali zilizokuwa zimefichwa Hanslope Park nchini Uingereza, uliwasaidia wazee wa Kenya waliodai fidia mahakamani. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228.

Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea na kuomba radhi kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Ukoo wa Mbano bado unataka fuvu la Nduna Songea, linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Kwa msomaji anayetaka kuanza, Kinjeketile ni kitabu chembamba kinachosomeka kwa jioni moja. Akikimaliza, asiishie hapo: atafute masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na Gwassa na Iliffe, kisha Peponi. Wachapishaji nao watusaidie, maana sehemu kubwa ya utafiti kuhusu vita hivi ingali katika Kiingereza na Kijerumani, na wajukuu wa waliopigana wanasoma Kiswahili.