Shamba la Baba, Karatasi za Watoto

Mti wa kakao ukipandwa leo Mangina au Mutwanga, katika eneo la Beni, mashariki mwa Kongo, huanza kuzaa baada ya miaka 3 hadi 5, kisha huendelea kuzaa kwa miaka 25 na zaidi. Mkulima mwenye umri wa miaka 50 anayeotesha miche msimu huu anawapandia wanawe, hata kama hajawaambia. Kahawa ya miteremko ya Ruwenzori iko hivyo hivyo, na pia mikaratusi ya vilima vya Lubero inayouletea mji wa Butembo kuni, makaa na mbao. Lakini mwulize mkulima huyo shamba litakuwa la nani siku atakapofumba macho, na mara nyingi atajibu kwamba ukoo utakaa na kuamua.

Kwa vizazi vingi ukoo ulikaa kweli, na uliamua. Kwa mila ya Wanande wa eneo hili, ambao wengi wao hujiita Bayira, ardhi hutoka kwa baba kwenda kwa watoto wa kiume. Binti hutazamiwa kupata mashamba kwa mume wake, na mjane hubaki akilima chini ya kivuli cha wanawe. Wazee hukutana kwenye kyaghanda, baraza la ukoo, huwasikiliza wanaodai, kisha humwonyesha kila mmoja mpaka wake. Mpango huo ulikuwa na akili yake wakati ambapo kijana aliyekosa sehemu ya kutosha angeweza kwenda kwa mwenye ardhi, akampa muhako wake, yaani ada ya kimila ya ardhi, akafungua kilima kipya.

Vilima hivyo vimejaa. Upande mmoja kuna Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ambako kulima ni marufuku. Upande mwingine kuna vijiji vilivyosongamana. Familia nyingi za Lubero ziliteremka kuelekea misitu ya Beni, na hata Ituri, kutafuta nafasi ya kakao. Huko shamba limegeuka kuwa pesa, na penye pesa wadai huongezeka.

Vifo navyo vimekuja bila kupiga hodi. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yamekuwa yakilirudia eneo la Beni, na wanaouawa mara nyingi hukutwa shambani. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa, ukianzia Mangina, ukafika Beni, Butembo na Katwa. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua watu 2,287. Kuna nyumba ambamo baba na mama walizikwa ndani ya majuma machache, tena bila kilio cha kawaida ambacho jamaa wote wangekutana na kusikia marehemu aliacha nini, alimdai nani na alidaiwa na nani. Watoto walibaki na shamba ambalo hawakuijua mipaka yake.

Sheria ya Kongo ina jibu la wazi kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inawapanga warithi kwa makundi. Kundi la kwanza ni watoto wa marehemu: waliozaliwa ndani ya ndoa, waliozaliwa nje ya ndoa ambao baba aliwatambua kisheria akiwa hai, na waliopangwa kuwa watoto kwa njia ya sheria. Hao huchukua robo tatu ya urithi, kwa mafungu yaliyo sawa. Sheria haitofautishi Kambale na dada yake Masika: binti hupata sawa na kaka yake. Na kama mmoja wa watoto alikufa kabla ya baba, watoto wake huingia mahali pake. Kipengele hicho kina uzito mkubwa Beni, ambako babu wengi wamewazika wana wao.

Robo iliyobaki huenda kwa kundi la pili, lenye mafungu matatu: mume au mke aliyebaki, baba na mama wa marehemu, na ndugu zake. Wote wakiwapo, kila fungu hupata sehemu moja ya kumi na mbili ya urithi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Baba anafariki Oicha akiacha hekta 4 za kakao alizonunua pamoja na mkewe baada ya kuoana, watoto 5, mama yake mzazi na ndugu zake. Wengi wangeanza kuzigawa hekta zote 4, na hapo ndipo mjane huibiwa wa kwanza. Kama wawili hao hawakuchagua mpango mwingine wa mali siku ya ndoa, sheria inahesabu kwamba walichochuma pamoja ni cha wote wawili. Hekta 2 ni za mama tangu mwanzo. Si urithi, ni jasho lake. Kinachogawanywa ni hekta 2 za marehemu. Watoto wanapata hekta moja na nusu, yaani mita za mraba 3,000 kila mmoja. Nusu hekta inayobaki inakatwa mara tatu: mjane, nyanya wa watoto, na ndugu za marehemu wote kwa pamoja, kila fungu likipata karibu mita za mraba 1,667.

Baba mdogo anayefika na kusema kwamba shamba zima ni la ukoo anadai, mbele ya sheria, kipande cha fungu ambalo analigawana na ndugu zake wote.

Tena mjane ana haki nyingine juu ya hiyo. Nyumba aliyokaa na mumewe, pamoja na vyombo vyake, anaendelea kuitumia hata kama imeingia katika urithi wa watoto. Na katika ardhi inayopakana na nyumba hiyo, ile waliyoilima wenyewe, ana haki ya kutumia nusu. Haki hiyo ni ya kukaa na kula matunda, si ya kuuza, na inaweza kukoma akiolewa tena. Lakini kumtoa nje siku ya arobaini, akiwa na godoro kichwani, ni kuvunja sheria, hata kama anayemtoa ni mzee wa heshima.

Kwa nini basi bado hutolewa? Kwa sababu sheria huanza kwa kuuliza karatasi. Mahari ikilipwa na familia mbili zikafurahi, ndoa ya kimila imefungwa, ila inapaswa kuandikishwa eta sivili, ofisi ya vizazi, ndoa na vifo. Ndoa ya kanisani peke yake haitoshi, hata ikiwa ilifungwa na askofu mbele ya umati. Mwanamke aliyeishi na mume miaka 30 bila karatasi ya ndoa atalazimika kuwathibitishia mahakimu kwamba alikuwa mke, na wale ambao wangemshuhudia huenda ndio hao wanaolitaka shamba. Hali ya mke wa pili ni ngumu zaidi. Sheria haikubali ndoa mpya wakati ya kwanza ingali hai, kwa hiyo hawezi kurithi kama mke. Watoto wake, hata hivyo, ni watoto kamili kama baba aliwatambua. Baba anayewapenda na kuwalipia shule lakini hajawaandikisha anawaacha mikononi mwa huruma ya wengine.

Katika vitabu vya eta sivili kuna mtego mmoja wa hapa hapa. Majina ya Kinande hutolewa kwa mpangilio wa kuzaliwa, kama vile Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule kwa wavulana, Masika, Katungu, Kavira kwa wasichana. Katika mtaa mmoja wa Butembo Kakule ni wengi mno. Hati ya mauzo inayosema tu kwamba Kakule amemwuzia Kasereka shamba kando ya mto itazua ugomvi kizazi kijacho. Jina liandikwe lote, pamoja na jina la baba na la mama, mahali na tarehe ya kuzaliwa, na namba ya kadi ya mpigakura, ambayo kwa wengi ndiyo kitambulisho pekee.

Ardhi yenyewe ina mabwana wawili. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Dola pekee. Raia hupewa haki ya kuutumia, na ushahidi wa haki hiyo ni hati ya usajili inayotolewa na ofisi ya ardhi. Lakini vijijini, Bashu, Baswagha au Batangi, familia nyingi zinamjua mwenye ardhi wa kimila, ambaye juu yake yuko mwami, yaani chifu, na hulipa muhako kila mwaka. Sheria hiyo ya 1973 iliahidi agizo la rais la kufafanua haki za wanavijiji kwenye ardhi za mila, na vizazi vimepita vikilisubiri. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa njia ya sheria au ya mila. Hivyo haki ya kimila ni haki, nayo hurithiwa. Tabu yake ni kwamba inakaa vichwani mwa watu, na watu hufa au hukimbia.

Mkulima asiye na uwezo wa kupata hati ya usajili bado anaweza kufanya mengi. Anaweza kuomba karatasi kutoka kwa mwenye ardhi na kapita wa kijiji, inayotaja ukubwa wa shamba, majirani wa pande zote nne na muhako uliolipwa, na majirani hao wakatia sahihi au dole gumba. Anaweza kuzunguka mipaka pamoja na watoto wake wote, mabinti wakiwamo, huku majirani wakishuhudia. Kwa familia zilizokimbilia mjini, ambazo mashamba yake yanavunwa na wengine au yamemezwa na msitu, ni afadhali kazi hiyo ifanywe haraka usalama unaporuhusu, wakati wazee wanaoijua mipaka wangali hai.

Aliye na hati ya usajili naye asilale. Hati hubaki na jina la marehemu mpaka warithi waende kuibadilisha, na katika ucheleweshaji huo ndugu mjanja anaweza kujipatia hati kwa jina lake. Ikishapita miaka 2 bila kupingwa, hati inakuwa karibu haing'oki. Wenye haki hubaki kudai fidia tu. Msiba huko Butembo unaweza kuacha uchovu na madeni kiasi kwamba miaka 2 hupita bila mtu kuhisi.

Wosia ndio unaoogopwa zaidi, kwa imani kwamba anayeuandika anajiitia kifo. Hata hivyo hauhitaji mambo makubwa. Mtu anaweza kuuandika wote kwa mkono wake mwenyewe, akaweka tarehe na sahihi, basi. Ukipigwa kwa kompyuta na yeye akatia sahihi tu, haukidhi masharti ya wosia wa mkono. Asiyeweza kuandika huenda mbele ya notari au ofisa wa eta sivili, naye humwandikia. Wosia wa mdomo unakubaliwa mtu anapokuwa katika hatari ya kufa, mbele ya mashahidi wasiopungua wawili walio watu wazima, ila mambo unayoweza kuamua ni machache.

Wosia hauwezi kuila robo tatu ya watoto. Kile unachoweza ni kusema nani achukue kipande kipi, nani awe mlezi wa wadogo, madeni yapi yalipwe kwanza, ikiwamo pesa iliyopokewa kutoka kwa mnunuzi wa kakao kabla ya mavuno. Unaweza pia kumtaja msimamizi. Bila wosia, msimamizi ni mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wote, au, akikataa, yule ambaye warithi wenzake wamemchagua. Na mkubwa kwa umri si lazima awe mwaminifu.

Swali gumu linabaki: mita za mraba 3,000 za kakao zinamlisha nani? Kugawa sawa kwenye karatasi si lazima kuwe kukata miti kwa kamba. Warithi wanaweza kukubaliana shamba libaki moja, mmoja wao alisimamie, na mapato yagawanywe baada ya kila msimu. Wanaweza kumwachia shamba anayelima, naye awalipe waliokwenda mjini kwa awamu, au mwingine achukue kiwanja cha Butembo badala ya kakao. Mapatano ya namna hii huwa bora baba na mama wakiyaanzisha wakiwa hai, kwenye kyaghanda ile ile, mbele ya shangazi na mjomba, na mtu mmoja akiandika. Wazee wanaosaini leo kama mashahidi itakuwa vigumu kwao kugeuka kesho kuwa wadai. Shirika la SYDIP la Butembo, linalotetea maslahi ya wakulima, na LOFEPACO, muungano wa vyama vya wanawake wakulima, ni milango ambayo familia inaweza kubisha ikitafuta ushauri kabla ya kufika kwa wakili.

Suluhu ikishindikana nyumbani, Mahakama ya Amani ndiyo yenye mamlaka juu ya kesi za urithi na za mashamba yanayofuata mila, iwe Beni, Butembo au Lubero. Mei 2021 mkoa wa Kivu Kaskazini uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, lakini kesi za urithi si za askari. Zinabaki kwa mahakimu wa kawaida. Mdai afike na nakala, si na karatasi halisi. Halisi ikae kwa mtu wa kuaminika aliye mbali na kijiji, parokiani au kwa ndugu wa mjini, na picha yake ihifadhiwe katika simu za watoto wawili au watatu, wa kike na wa kiume.