Je, kila gego linalong'olewa lahitaji antibiotiki?

Mgonjwa anayeng'olewa gego la mwisho mjini London huenda akarejea nyumbani na dawa za kutuliza maumivu pekee. Kwa mtu aliyezoea kutoka kwa daktari wa meno na pakiti ya amoksilini mkononi, jambo hilo huonekana kuwa ni uzembe.

Wataalamu wa afya ya kinywa, hata hivyo, wanasema kuwa kwa mtu mwenye afya njema huo mara nyingi ndio uamuzi sahihi.

Magego ya mwisho kwa kawaida huota kati ya umri wa miaka 17 na 25. Pale taya linapokosa nafasi, gego hukwama ndani ya ufizi au huota kwa kulala upande. Ili kulitoa, daktari hulazimika wakati mwingine kukata ufizi na kuondoa sehemu ndogo ya mfupa. Ndiyo maana uvimbe na maumivu hufuata.

Watu 19 kwa mmoja

Mwaka 2021, shirika la Cochrane, ambalo hukusanya na kupima matokeo ya utafiti wa tiba, lilichapisha tathmini ya majaribio 23 yaliyohusisha watu zaidi ya 3,200. Wengi wao walikuwa na afya njema na waling'olewa magego ya mwisho.

Tathmini hiyo ilionyesha kuwa antibiotiki huenda zikapunguza maambukizi. Lakini ingebidi watu 19 wapewe dawa ili mmoja tu aepukane nayo. Wengine 18 wangemeza vidonge bila ya kupata faida hiyo, huku wakikabiliwa na uwezekano wa kuharisha, kichefuchefu au mzio, ambao kwa nadra huhatarisha maisha.

Waandishi wake walishauri kila mgonjwa apimwe kwa hali yake, kutokana na kuongezeka kwa bakteria sugu.

Hatari hiyo si ya kubuni. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, aliionya dunia tangu mwaka 1945 kwamba dozi pungufu zingewafundisha vijidudu kustahimili dawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet ulikadiria kuwa bakteria sugu walisababisha moja kwa moja vifo vya watu milioni 1.27 duniani mwaka 2019.

Maumivu si maambukizi

Uvimbe hufikia kilele chake siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua. Hiyo ni njia ya mwili kujitibu, wala si dalili ya usaha.

Maumivu makali yanayoanza siku chache baadaye, pamoja na harufu mbaya kinywani, huweza kutokana na tundu kavu. Hali hiyo hutokea pale damu iliyoganda inapotoka na kuuacha mfupa wazi. Tiba yake ni daktari kulisafisha tundu na kuliwekea dawa. Uvutaji wa sigara huongeza hatari hiyo.

Madaktari hushauri kutosukutua kwa saa 24 za mwanzo, kisha kutumia maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Parasetamoli au ibuprofeni hutuliza maumivu, ingawa ibuprofeni haiwafai wenye vidonda vya tumbo au maradhi ya figo.

Wanaozihitaji

Wapo ambao antibiotiki ni lazima kwao. Hao ni wenye maambukizi yaliyokwisha kuenea, na mara nyingi wenye upungufu mkubwa wa kinga. Wenye vali bandia za moyo nao wanapaswa kumweleza daktari mapema, kabla ya jino kung'olewa.

Homa, usaha, uvimbe unaozidi baada ya siku ya tatu, au kinywa kushindwa kufunguka ni sababu ya kurudi kwa daktari bila ya kuchelewa. Mgonjwa anayepata shida ya kumeza au kupumua apelekwe hospitali mara moja.

Na vidonge vilivyobakishwa na ndugu, au vilivyotumwa na jamaa kutoka ng'ambo, si mbadala wa daktari. Dawa isiyolingana na ugonjwa haitibu jeraha la leo, na huenda ikakosa nguvu siku itakapohitajika kuokoa maisha.