Kibakwe kwa pikipiki: Mechi ya siku moja, mwamuzi ni korongo

MASHABIKI wengi wa soka Dodoma wanaijua njia moja tu ya burudani wikiendi, ile ya kwenda Uwanja wa Jamhuri kuiona Dodoma Jiji.

Lakini wilayani Mpwapwa kuna njia nyingine inayotoa jasho kama mechi ya ugenini, na kiingilio chake ni tangi la mafuta.

Ni safari ya pikipiki kutoka Mpwapwa mjini, kupitia Gulwe hadi Kibakwe, kisha kupanda milima ya Wotta na kurudi siku hiyo hiyo. Haihitaji pikipiki kubwa ya bei mbaya. Boxer au TVS ile ile inayobeba abiria na magunia Jumatatu hadi Jumamosi, inatosha kabisa kula upepo Jumapili.

KIPINDI CHA KWANZA: GULWE

Muda mzuri wa kuondoka ni saa 12 asubuhi. Kama ni Juni au Julai, koti zito sio mbwembwe, maana baridi ya uwanda wa kati asubuhi sio ya kitoto.

Gulwe ndipo inapopita reli ya zamani ya Mjerumani na ile mpya ya SGR, ambayo treni zake za umeme zilianza kufika Dodoma mwaka 2024. Abiria wa juu ya reli anasinzia, wa pikipiki anatafuta mstari mgumu katikati ya mchanga.

Kwenye mchanga wageni wengi hufungwa bao la mapema. Wanashika breki ya mbele kwa nguvu na tairi linazama. Dawa ni kubaki gia ya pili, kuweka mafuta sawasawa bila kushtuka na kutazama mbali, sio kutazama tairi.

Halafu kuna bonde la Mto Kinyasungwe na makorongo yake. Kiangazi ni mchanga mtupu. Masika ni habari nyingine. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalisomba reli kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Kama maji yaling'oa reli, pikipiki ya kilo mia na kidogo ni kitu gani?

Ndiyo maana mwamuzi wa mechi hii ni korongo. Mvua ikinyesha milimani, maji yanaweza kushuka ghafla hata kama hapo uliposimama jua linawaka. Akikataa, umekataliwa. Unasubiri yapungue au unageuza.

MAPUMZIKO: KIBAKWE

Kibakwe ni mahali pa kupumzisha mgongo na kula ugali wa mtama kwa mlenda, chakula cha nyumbani kwa Wagogo. Kabla ya kunawa mikono, kagua mnyororo, nati na upepo wa matairi. Huko mbele fundi hapatikani kila kona.

KIPINDI CHA PILI: MILIMANI

Hapa ndipo utamu ulipo. Njia inapanda kuelekea Wotta, kwenye milima ya Rubeho ambayo ni sehemu ya Tao la Mashariki. Hewa inabadilika, kijani kinaongezeka, na ukigeuka nyuma unauona uwanda wa mibuyu na vumbi ulikotoka. Ukanda huu ndio wenye Winza, iliyovuma duniani mwaka 2008 kwa rubi zake.

Kupanda ni nguvu, kushuka ni akili. Kuna mchezo wa kuzima injini kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Huo ni sawa na beki wa mwisho kupiga chenga ndani ya boksi. Breki zikichemka, hakuna gia ya kukusaidia.

DAKIKA ZA MWISHO

Katika mbio za kwanza za Dakar, zilizoondoka Paris Desemba 1978, vyombo 182 vilianza na 74 tu vikafika. Mfaransa Cyril Neveu alishinda akiwa juu ya pikipiki. Somo lake linafaa hata Mpwapwa: kwanza fika, mengine baadaye.

Kwa hiyo ikifika saa 9 alasiri, popote ulipo, geuza. Jioni ndipo njia inapojaa. Mechi za vijijini zimekwisha, mashabiki wanarudi kwa mishikaki, watu watatu pikipiki moja, nyingine haina taa. Mbuzi na ng'ombe nao wanarudi zizini, na wao hawasomi sheria za barabarani.

Sheria inamtaka dereva na abiria wake wote wavae kofia ngumu. Kofia iliyoning'inia kwenye usukani haijawahi kuokoa kichwa cha mtu.

Mechi hii haina kombe wala marudiano. Kuna nyumba moja Mpwapwa ambako watu wanasikiliza mlio wa pikipiki jioni. Ukisikika kabla ya giza, umeshinda.