Je, Mwenye Deni Atozwe Bima Zaidi?

Kila mkulima wa skimu anajua habari ya deni. Mpango wa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962, wengi wa waliopewa mashamba walichukua mikopo miwili: mmoja wa ardhi, uliopaswa kulipwa kwa miaka 30, na mwingine wa kununua ng'ombe, mbegu na waya wa ua. Ikaja miaka ya mvua na ikaja miaka ya kiangazi, na watu wengi walichelewa kulipa. Je, kuchelewa huko kulionyesha kwamba walikuwa wakulima wabaya? Swali hilo ni la zamani, lakini siku hizi limerudi kwa sura nyingine, nalo ni juu ya bima.

Katika nchi ya Marekani, mtu akitaka bima ya motokaa au ya nyumba, kampuni humwuliza kama amewahi kupata ajali, au kama paa la nyumba yake ni zima. Lakini katika majimbo mengi haziishii hapo. Hutazama pia jinsi anavyolipa madeni yake. Aliyechelewa kulipa hutozwa zaidi, hata ikiwa hajapata ajali hata moja. Yafaa mkulima wa Kenya alifahamu jambo hili, kwa sababu hapa kwetu pia kuna kumbukumbu za wakopaji, na pia kuna bima za mimea na mifugo.

ALAMA HUPATIKANAJE?

Huko Marekani ziko ofisi kubwa zinazoandika habari za wakopaji. Huandika kama mtu amelipa kwa wakati, anadaiwa kiasi gani, alianza kukopa lini, na ameomba mikopo mipya mingapi siku za karibuni. Habari hizo hufanyiwa hesabu, na mtu hupewa alama. Mwanzo wake alama hizo zilikuwa za watu wa benki. Kuanzia miaka ya 1990 kampuni za bima nazo zikapata alama za kwao, zilizotokana na kumbukumbu hizo hizo. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1970 inaziruhusu kufanya hivyo, lakini inazilazimu kumwarifu mtu anapotozwa zaidi kwa ajili ya habari zilizoandikwa huko.

MANENO YA KAMPUNI

Kampuni zina hoja, na si haki kuzidharau. Bima ni mfuko mmoja. Wote hutia pesa, na yule aliyepatwa na hasara hulipwa kutoka humo. Ikiwa mzembe atatoa sawasawa na mwangalifu, basi mwangalifu anambeba mzembe mgongoni. Kwa hiyo kampuni hutafuta kila dalili ya kuonyesha nani ataleta hasara.

Mwaka 2007 Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani ilitoa taarifa yake baada ya kuchunguza bima za motokaa. Iliona kwamba alama hizo kweli huonyesha kitu: watu wenye alama mbaya, wakihesabiwa kwa pamoja, huleta madai mengi zaidi ya fidia. Lakini Tume haikuweza kuthibitisha kwa nini iko hivyo. Tena iliona kwamba watu weusi na watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, kwa wastani, wana alama za chini kuliko wengine.

SHIDA IKO WAPI?

Tuchukue mfano wa wakulima wawili waliopakana. Wa kwanza ana mtoto mwenye kazi mjini, anayemletea pesa kila mwezi, na mkopo wake haujachelewa hata siku moja. Lakini ua wake umeanguka, ng'ombe wake huzurura barabarani, na joshoni hawaendi. Wa pili ana ua imara na hupeleka ng'ombe joshoni bila kukosa. Lakini mwaka jana mahindi yake yalikauka, mkewe akalazwa hospitali, na malipo ya mkopo yakasimama.

Je, ni nani aliye karibu zaidi kupoteza ng'ombe? Afisa wa mifugo akiingia katika maboma hayo mawili atajibu mara moja. Lakini daftari la madeni litamtaja yule wa pili, kwa sababu halioni ua wala josho. Linaona tarehe za kulipa tu.

Kampuni itasema kwamba inahesabu watu elfu nyingi, si mtu mmoja. Ni kweli. Lakini bei hailipwi na watu elfu nyingi kwa pamoja. Kila mtu huilipa kwa mfuko wake. Tena fikirini mzunguko huu. Mvua inakosa, mavuno yanakosa, deni linachelewa. Deni likichelewa, alama inashuka na bima inakuwa ghali. Bima ikiwa ghali, mkulima anaiacha. Kiangazi cha pili kikija kinamkuta hana kinga yoyote. Hivyo yule aliyehitaji bima kuliko wote ndiye anayefukuzwa na bei.

WENZETU WALIFANYA NINI?

Majimbo ya Marekani hayakubaliani. Katika California, wananchi walipiga kura mwaka 1988 kwamba bei ya bima ya motokaa ifuate hasa mambo matatu: mwenendo wa dereva barabarani, maili anazokwenda kwa mwaka, na miaka aliyoendesha. Massachusetts na Hawaii nazo hazikubali alama za mikopo katika bima ya motokaa.

Katika jimbo la Washington, mkuu wa mambo ya bima alizizuia alama hizo mwaka 2021, wakati wa ugonjwa wa korona. Watu wenye alama nzuri, wakiwamo wazee, waliona malipo yao yakipanda, wakalalamika. Kampuni zikaenda mahakamani, na mwaka 2022 hakimu akasema mkuu huyo alivuka mamlaka yake. Hapa pana funzo: ukiondoa kipimo kimoja, mzigo hauondoki, huhamia kwa mtu mwingine. Kwa hiyo lazima watu wachague kipimo kilicho cha haki.

Kipimo cha haki ni kile kinachotazama hatari yenyewe. Kama ni motokaa, itazamwe namna inavyoendeshwa. Kama ni ng'ombe, itazamwe namna wanavyotunzwa. Hapo mtu akiongeza bidii, bei yake hushuka.

BIMA YA MVUA

Hapa Kenya tumeona njia nyingine. Mwaka 2009 mpango wa Kilimo Salama ulianza na wakulima wa Laikipia. Vituo vya hali ya hewa vilipima mvua, na mvua ikipungua chini ya kiasi kilichowekwa, wakulima wa eneo hilo walilipwa. Mwaka 2015 Serikali ilianza bima ya mifugo katika Turkana na Wajir, ambapo ukavu wa malisho hupimwa kwa picha za setilaiti. Njia hii ina kasoro yake, kwani kituo chaweza kupata mvua na shamba lako likakosa. Lakini bei yake hufuata hatari ya mahali. Mvua haijui nani anadaiwa.

MAMBO YA KUFANYA

1. Lipa deni kwa wakati kadiri uwezavyo. Dawa ya deni ni kulipa. Ukiona mavuno yatakosa, nenda kwa aliyekukopesha mapema. Usingoje tarehe ipite.

2. Tazama kumbukumbu yako katika zile ofisi ziitwazo CRB. Una haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka. Ukiona deni ulilokwisha lipa bado limeandikwa, peleka risiti na udai lisahihishwe.

3. Kabla ya kutia sahihi karatasi ya bima, uliza bei ilipatikanaje, na ni mambo gani yaliyohesabiwa.

4. Ikiwa uamuzi mkubwa juu yako ulifanywa na kompyuta peke yake, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa nafasi ya kuomba ufikiriwe upya.

5. Weka daftari la josho, la chanjo na la mavuno, na zungumzeni jambo hili katika mkutano wa chama chenu cha ushirika. Mtu akitaka kukupima kwa deni, uwe na kitu kingine cha kumwonyesha.