Bibi aliyekataa mjukuu asomeshwe ufundi

Ralph Bunche alipoanza shule Los Angeles, Marekani, walipanga afundishwe kazi za mikono, kama walivyopangiwa watoto weusi wengi. Bibi yake, Lucy Johnson, hakukubali. Alikwenda shuleni akawaambia mjukuu wake atafika chuo kikuu, hivyo apewe masomo ya kumfikisha huko.

Mama wa kijana huyo alifariki mwaka 1917, na baba alikuwa ameshaondoka. Bibi ndiye aliyebaki na mzigo.

Mwaka 1922 Ralph alimaliza sekondari akiwa wa kwanza, lakini aliachwa nje ya chama cha wanafunzi bora wa jiji kwa sababu ya rangi yake. Siku ya mahafali mkuu wa shule alidhani anamsifu aliposema kuwa hawakuwahi kumwona Ralph kama mtu mweusi. Bibi alimjibu papo hapo: hilo ni tusi kwa mtoto, kwa wazazi wake na kwa watu wake wote. Wazazi wangapi wangethubutu, mbele ya mkuu wa shule, siku ya sherehe?

Chuoni alijisomesha kwa kufanya usafi na kucheza mpira wa kikapu. Harvard ilipomkubali mwaka 1927, akina mama weusi wa Los Angeles walichanga dola 1,000 ili aweze kwenda. Mwaka uliofuata bibi alifariki.

Shahada ya uzamivu haikuja haraka. Ralph alifundisha Chuo Kikuu cha Howard huku akitafiti, akaoa mwaka 1930, watoto wawili wakazaliwa. Alitamani kuchunguza mchanganyiko wa rangi nchini Brazil, apate la kulinganisha na kwao Marekani. Mwishowe aliandika kuhusu utawala wa Wafaransa Togo na Dahomey, ambayo leo ni Benin. Mwaka 1934 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata uzamivu wa sayansi ya siasa, na tasnifu yake ikapewa tuzo pale Harvard.

Hakuishia kwenye cheti. Mwaka 1936 alichapa kitabu kidogo akieleza kuwa rangi hutumiwa kama kisingizio cha kutetea unyonyaji. Akiwa London mwaka 1937 alifundishwa Kiswahili na Jomo Kenyatta, kisha akaenda kuishi kwa Wakikuyu nchini Kenya, wakampa jina Karioki.

Aliporudi, alijiunga na utafiti mkubwa wa Msweden Gunnar Myrdal. Yeye na wasaidizi wake walizunguka majimbo ya kusini wakiuliza nani anapiga kura na nani anazuiwa, na kwa njia gani. Kodi ya kulipwa kabla ya kura ilikuwa njia mojawapo. Mtihani wa kusoma, uliosahihishwa na karani mzungu, nyingine.

Nobel ya Amani ilimjia mwaka 1950 kwa usuluhishi wa Mashariki ya Kati. Machi 1965, akiwa na miaka zaidi ya 60 na akiugua kisukari, aliandamana Alabama na Martin Luther King kudai kura ileile aliyoitafiti. Sheria ikasainiwa Agosti.