Oktoba ya London na kipato cha msanii wa Afrika Mashariki

Kila Oktoba, majani yanapopukutika Regent's Park, mafundi husimamisha humo hema kubwa na London hugeuka gulio la sanaa. Maonyesho ya Frieze, yaliyoanzishwa na Amanda Sharp na Matthew Slotover mwaka 2003, hukusanya nyumba za sanaa kutoka kila bara. Ukijumlisha na Frieze Masters, hema la pili lililoanza mwaka 2012 kwa ajili ya kazi za zamani, wauzaji wanapita 250. Wiki ya maonyesho hayo, nyumba za mnada za Sotheby's na Christie's huendesha minada yao ya jioni, makumbusho huzindua maonyesho mapya, na kando ya mto Thames jengo la Somerset House hupokea 1-54, maonyesho ya biashara ya sanaa ya Afrika.

Wachoraji wetu wengi huitazama wiki hiyo kama mlango wa utajiri. Ni mlango kweli, lakini fedha haziangukii mikono yote sawasawa, na kinachoamua nani aondoke na nini huwa kimeandikwa kwenye karatasi miezi kadhaa kabla hema halijasimamishwa.

Kwanza ukubwa wa soko. Ripoti ya maonyesho ya Art Basel na benki ya UBS ilikadiria kwamba mwaka 2024 mauzo ya sanaa duniani yalifikia dola bilioni 57.5, pungufu ya asilimia 12 kuliko mwaka uliotangulia. Marekani ilichukua asilimia 43, Uingereza 18, China 15. Uingereza basi ni ya pili, ila kiti hicho kina mgombea. Tangu mwaka 2022 Art Basel huendesha maonyesho yake Paris muda mfupi baada ya London kufunga, na kuanzia Januari 2025 Ufaransa hutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5.5 tu kwenye mauzo ya sanaa, wakati kiwango cha kawaida cha Uingereza ni asilimia 20. Mnunuzi mwenye ndege yake huipiga hesabu hiyo haraka sana. Upande wa pili, Christie's iliacha mnada wake wa jioni wa Juni jijini London mwaka 2024, na uzito wa mwaka mzima ukazidi kuegemea Oktoba.

Anayefahamu mabanda ya maonyesho ya biashara ya Sabasaba ataelewa upesi jinsi Frieze inavyojiendesha. Nyumba ya sanaa hukodi banda kwa mita ya mraba. Juu ya kodi hiyo kuna masanduku ya mbao, nauli ya ndege, bima, taa, hoteli na posho za wahudumu. Gharama zote hizo hulipwa kabla picha moja haijauzwa. Siku za mwanzo ni za walioalikwa, na hao wengi huwa wametumiwa picha na bei kwenye simu zao mapema, hivyo mlango unapofunguliwa baadhi ya kazi tayari zina wenyewe. Umati unaokata tiketi mwishoni mwa wiki huja zaidi kutazama. Kwa nyumba ndogo kutoka Dar es Salaam, Kampala au Nairobi, kuingia hema hilo peke yake ni kuhatarisha mtaji wa mwaka mzima.

Ndiyo maana 1-54 imekuwa na maana kubwa kwetu. Touria El Glaoui, mzaliwa wa Morocco, aliianzisha Oktoba 2013. Jina linatokana na nchi 54 za Afrika. Baadaye ilifungua matawi New York na Marrakech, lakini London ndiyo kitovu. Kwa miaka ya karibuni imekuwa ikipokea nyumba za sanaa hamsini na zaidi, zikipangwa kwenye vyumba na korido za Somerset House. Mtu akiingia chumba kidogo hulazimika kusimama karibu na kazi, na mwenye banda hupata nafasi ya kuzungumza naye kwa utulivu. Nadhani ukubwa huo ndio unaotufaa, na ningependa kuona nyumba mbili tatu za Afrika Mashariki zikichangia banda moja badala ya kila moja kukopa kivyake.

Forodha ndiyo inayowakwamisha wengi. Uingereza hutoza asilimia 5 kwenye kazi za sanaa zinazoingizwa nchini, lakini upo utaratibu wa kuziingiza kwa muda, zikaonyeshwa bila kulipiwa kodi hadi pale zitakapouzwa. Orodha ya sanduku isipolingana na kilichomo, au kipimo cha turubai kikikosewa, sanduku hubaki ghala la uwanja wa ndege huku maonyesho yakiendelea. Wakala mzuri wa forodha ana thamani kuliko mtangazaji mzuri. Na msanii mwenyewe akitaka kuwepo, maombi ya viza kwa kawaida hujibiwa ndani ya wiki tatu, kwa hiyo Septemba ni kuchelewa.

Sasa tuje kwenye kipato cha mchoraji. Kazi nyingi hukabidhiwa kwa mali kauli: msanii anatoa picha, nyumba ya sanaa inauza, kisha wanagawana, kwa desturi nusu kwa nusu. Tuseme turubai limeuzwa pauni 4,000. Zake ni 2,000. Swali ni nani amebeba sanduku, nauli na punguzo alilopewa mnunuzi. Mkataba usipotaja, gharama hizo hukatwa kwenye nusu ya msanii, na zile 2,000 zinaweza kurudi nyumbani zikiwa 900. Mkataba wa kurasa mbili unatosha: bei, mgawo, nani analipia usafiri, malipo yafike ndani ya siku ngapi, na picha isiyouzwa irudi lini na kwa fedha ya nani. Nimeona vijana wenye vipaji adimu wakikabidhi kazi za mwaka mzima kwa ujumbe wa simu, na inaniuma.

Mnada nao una kanuni zake. Mnunuzi hulipa bei ya nyundo pamoja na ada ya nyumba ya mnada inayoweza kufika robo au zaidi. Muuzaji huchukua chake, na mchoraji mara nyingi hayumo kabisa. Mtazame Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984. Yeye huchora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba kinachopondwa kwa nyundo za mbao Uganda. Ukisogea karibu na picha zake unaona matundu ya gome na mishono iliyoyaziba, rangi ikipita juu yake bila kuyaficha. Novemba 2019 Sotheby's ya New York iliuza picha yake The Conservationists kwa takriban dola milioni 1.5, ilhali makadirio ya juu yalikuwa dola 70,000. Marekani haina sheria ya taifa inayompa msanii fungu kazi yake inapouzwa tena. Uingereza inayo tangu mwaka 2006, kuanzia asilimia 4 na kushuka kadiri bei inavyopanda, kwa raia wake na wa nchi zinazotoa haki kama hiyo. Kenya iliandika asilimia 5 kwenye sheria yake ya hakimiliki mwaka 2019. Vyama vya wasanii vya ukanda wetu vinapaswa kulikomalia jambo hili kwa serikali zao na kwa London, kwa sababu mauzo ya pili na ya tatu ndiyo yenye fedha.

Mnunuzi ninayemthamini kuliko wote ni makumbusho. Halipi haraka, lakini picha ikishaingia humo, bei ya kazi zote za msanii huyo hupata msingi. Wasimamizi wa makumbusho hutembea London nzima wiki hiyo, na Oktoba ndipo Tate Modern huzindua kazi mpya kwenye ukumbi wake mkubwa wa Turbine Hall. Mwaka 2023 ilikuwa zamu ya El Anatsui wa Ghana na mapazia yake ya vifuniko vya chupa. Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar, alishinda tuzo ya Turner mwaka 2017 akiwa na miaka 63, kisha Tate Modern ikamfanyia maonyesho makubwa kuanzia Novemba 2021. Everlyn Nicodemus wa Kilimanjaro alichora sura yake mwenyewe mwaka 1982. National Portrait Gallery ya London iliinunua mwaka 2022, miaka 40 baadaye. Kabla yao wote alikuwepo Sam Ntiro, naye wa Kilimanjaro, aliyesoma chuo cha sanaa cha Slade jijini humo na baadaye akawa balozi wetu huko. Picha yake iliingia makumbusho ya MoMA ya New York mwaka 1960.

Miaka 40 ya kusubiri ni mingi mno, na sehemu yake husababishwa na kumbukumbu kukosekana. Makumbusho huuliza picha ilichorwa lini, ilionyeshwa wapi, nani aliimiliki. Daftari lenye picha ya kila kazi, vipimo, mwaka na jina la mnunuzi halina gharama, na linaweza kuanzwa leo katika karakana yoyote ya Msasani au Bagamoyo. Nyumba zinazolenga Oktoba ijayo zianze nalo, maana maombi ya mabanda hufungwa miezi mingi kabla na kamati ya uteuzi husoma kumbukumbu hizo pamoja na picha zenyewe.