Nani Kaandika Pambizoni?

Kutoka kwetu Mpendae, Unguja, hadi Kilimani, zilipo Nyaraka za Taifa, si mbali. Mle mna barua na hati za zama za masultani, nyingi kwa khati ya Kiarabu. Ukiupiga picha ukurasa, kompyuta inapata picha tu. Haijui kuwa barua kaandika karani mmoja na ya pambizoni katia mwengine, kwa wino mwengine, labda baada ya miaka mingi. Lazima iambiwe. Na kila mtu akiiambia kwa maneno yake, hati za Unguja na za London hazitafutiki pamoja.

Kuwapa wote maneno ya namna moja ndiyo kazi ya kanuni za Text Encoding Initiative, zilizoanza kutungwa 1987. Kila mwandiko hupewa jina lake la utambulisho na maelezo yake: khati gani, wino gani, umechukua sehemu kubwa ya hati au ndogo. Kisha ndani ya matini, mwandiko unapobadilika, hutiwa alama.

Tazama makaratasi ya mmishionari W. E. Taylor yaliyoko maktaba ya SOAS, London. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalinakiliwa na Mwalimu Sikujua kwa herufi za Kiarabu, naye Taylor akaongeza maelezo yake. Usipoitenga miandiko hiyo, maelezo ya mmishionari yatakuja kusomwa kama maneno ya Muyaka.

Taabu ni kwamba kanuni hizi zimekulia kwenye hati za Ulaya. Khati zetu hazikatazwi, ila orodha ya mambo ya kuangaliwa ndani yake hatujaitengeneza. Mathalani, Kiarabu hakina herufi ya p, basi "pata" na "bata" huweza kuandikwa sawasawa; baadhi ya wanakili hutia nukta tatu chini ili kutenganisha. Mimi nukta hizo naziamini kuliko uzuri wa herufi. Umbo la herufi mtu hulipata chuoni, na wanafunzi wa mwalimu mmoja hufanana miandiko; nukta ni uamuzi wake mwenyewe. Kwa hivyo ziwe na mahali pake katika maelezo ya kila mwandiko, pamoja na irabu: zimetiwa kote, au kwenye maneno ya utata tu?

Na jina la mnakili? Kanuni zinaruhusu kuandika kiasi cha uhakika. Tuitumie ruhusa hiyo. Kukisia si dhambi, kuficha kwamba umekisia ndiyo kosa.

Nawe mwenye daftari la babu kabatini, ukilipiga picha, usikate pambizo.